Dhahabu Kando ya Fuvu: Jinsi ya Kuchora Michoro ya Mauti Iliyotiwa Nuru

Mchoro uliotiwa nuru ni mchoro wenye dhahabu ndani yake. Sisemi rangi ya njano inayometameta, nasema dhahabu yenyewe, iliyofuliwa hadi ikawa utando unaopeperuka ukihema karibu nao. Wachoraji wa vitabu vilivyoandikwa kwa mkono huko Ulaya, hasa kati ya karne ya 13 na ya 15, waliitumia sana, nao walijua vitabu vyao vingesomwa kwa mwanga wa dirisha dogo au wa mshumaa. Msomaji alipoinamisha ukurasa kidogo tu, dhahabu iliwaka, ikazima, ikawaka tena. Sasa weka fuvu la kichwa kando ya mng'ao huo. Mwanga unatembea, fuvu limetulia. Sijaona njia nyingine ya kuchora mauti inayofanya hivyo kwa vitu vichache kiasi hiki.

Namwandikia mtu anayejua kushika penseli na brashi lakini hajawahi kugusa dhahabu. Tenga siku 4 au 5, saa chache kila siku, maana sehemu kubwa ya kazi hii ni kungoja vitu vikauke.

Kwanza, dhahabu yako inasema nini?

Jiulize swali hili kabla ya kununua chochote. Nimeona michoro mingi ya aina hii iliyochorwa kwa ustadi, lakini dhahabu imemwagwa kila mahali: kwenye fuvu, kwenye maua, kwenye herufi, kwenye fremu. Jicho halijui pa kutua, na mauti yanageuka kuwa pambo.

Wachoraji wa kale walikuwa na majibu mawili. La kwanza: dhahabu ni kile ambacho kifo hakikifikii. Ndiyo maana katika picha nyingi za zama zile nyuma ya watu hakuna mawingu wala milima, kuna ukuta mtupu wa dhahabu. Watu wanakufa mbele yake, wenyewe hauchakai. La pili ni kinyume chake: dhahabu ni kile tutakachokiacha. Taji, pete, sarafu, kikombe cha karamu. Vinang'aa, na mkono uliovishika umebaki mifupa.

Chagua jibu moja kwa kila mchoro. Ukichagua la kwanza, dhahabu ikae nyuma au juu, na vitu vya duniani vibaki na rangi ya kawaida. Ukichagua la pili, nyuma pawe giza au karatasi tupu, dhahabu ikae kwenye vitu vidogo vinavyohesabika. Na kwa vyovyote vile, fuvu usilitie dhahabu. Mfupa unatakiwa uwe kitu pekee kwenye ukurasa kisichoitikia mwanga.

Chagua kisa

Sanaa ya mauti ina visa vichache vilivyorudiwa karne hadi karne, nawe huna haja ya kubuni kipya mara ya kwanza.

Ngoma ya mauti ni mlolongo wa wafu na walio hai walioshikana mikono: papa, mfalme, mfanyabiashara, mkulima, mtoto mchanga, kila mmoja na mfu wake. Ile iliyokuwa maarufu zaidi ilichorwa ukutani kwenye makaburi ya Innocents, Paris, kati ya mwaka 1424 na 1425. Ukuta ule ulibomolewa mwaka 1669, na sura yake tunaikisia kutokana na picha alizochapisha Guyot Marchant, mchapishaji wa Paris, mwaka 1485. Baadaye mchoraji Hans Holbein Mdogo aliukata mlolongo huo akampa kila mtu picha yake. Picha zake 41, zilizochongwa kwenye mbao na kuchapishwa Lyon mwaka 1538, zina ukubwa wa takriban sentimita 6.5 kwa 5 tu. Tazama ile ya mkulima: mzee ameshika jembe, Mauti anawakimbiza farasi wake, na mbele yao, nyuma ya kanisa, jua linachwa. Ningepewa kuitia dhahabu picha hiyo, ningeitia kwenye jua peke yake.

Meza ya ubatili ilistawi Uholanzi na nchi jirani katika karne ya 17. Ni vitu visivyo na uhai juu ya meza: fuvu, mshumaa unaofuka moshi, saa ya mchanga, ua linalonyauka, povu la sabuni. Kuna mchoro unaohusishwa na Philippe de Champaigne wenye vitu vitatu tu, ua la tulipu upande mmoja, fuvu katikati, saa ya mchanga upande wa pili. Ukijisikia kuongeza cha nne na cha tano, ukumbuke huo.

Kisa ninachokupendekezea kwa mara ya kwanza ni cha watatu walio hai na watatu waliokufa. Vijana watatu wa kifahari wako safarini kuwinda, ghafla wanakutana na maiti watatu, na maiti wanawaambia: mlivyo ndivyo tulivyokuwa, tulivyo ndivyo mtakavyokuwa. Kitabu kidogo cha sala cha Bonne wa Luxembourg, ambaye alifariki mwaka 1349 wakati tauni ikiwa imeenea Ulaya, kinakionyesha kisa hiki kwa akili sana. Walio hai wako ukurasa wa kushoto juu ya farasi, wafu wako ukurasa wa kulia wamesimama makaburini mwao, na kati yao kuna mkunjo wa kitabu. Ukikifunga kitabu, wanagusana. Wewe unaweza kukunja karatasi moja katikati ukapata jambo lile lile. Pia si lazima wawe watatu, mmoja kwa mmoja inatosha.

Vifaa

Karatasi ya rangi za maji yenye uso laini, yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Ile yenye chembechembe haifai, kwa sababu kila kibonde kitaonekana ndani ya dhahabu. Wachoraji wa kale walitumia ngozi ya ndama, ya kondoo au ya mbuzi, lakini hiyo iache hadi mkono uzoee.

Dhahabu ya karati 23 au zaidi. Huuzwa katika vijitabu, kila ukurasa una mraba wa takriban sentimita 8. Chukua ile iliyobanwa kwenye karatasi nyepesi, usichukue iliyo huru. Ile ya bandia ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Ni nene, inataka gundi inayonata, na baada ya muda inabadilika rangi.

Gundi nyeupe ya maji, ile ya maseremala. Rangi za gwashi, yaani rangi za maji nzito zisizopitisha mwanga: nyeupe, nyeusi, bluu nzito, nyekundu, njano ya udongo na kahawia. Brashi mbili nzuri zenye ncha kali, na nyingine laini kubwa ya kufagilia. Kalamu ya kuchovya na wino mweusi usioyeyuka kwa maji. Mrija, au karatasi iliyoviringishwa iwe mrija. Karatasi nyororo inayopitisha mwanga. Jiwe la akiki lililong'arishwa, lile linalouzwa likiwa na mpini kwa kazi hii, na ukilikosa, mgongo wa kijiko laini utakusaidia kwa mchoro wa kwanza.

Usijaribu kufuata mapishi ya kale ya rangi. Nyekundu yao ilikuwa na zebaki, njano yao ilikuwa na aseniki, nyeupe yao ilikuwa risasi. Gwashi ya leo ina rangi zinazokaribiana nazo bila sumu hizo.

Penseli na wino

Chora kwanza kwenye karatasi nyingine, kisha uhamishie kwenye karatasi nzuri. Kufutafuta kunachubua uso, na dhahabu inashika mahali palipochubuka hata usipopaka gundi.

Fanya udogo. Sentimita 10 kwa 14 zinatosha kabisa.

Fuvu huwatisha wengi, lakini halina ugumu. Chora yai lililolala kidogo, pana upande wa nyuma. Chini yake mbele weka kisanduku cha taya. Matundu ya macho yanakaa karibu na katikati ya urefu wa kichwa, chini kuliko unavyodhani, na yana pembe pembe. Si duara. Tundu la pua ni kama moyo uliogeuzwa juu chini. Mfupa wa shavu unatoka chini ya jicho kuelekea sikioni kama mpini wa kikombe. Meno yachore kama mstari mmoja wa giza kati ya safu mbili, kisha ugawe. Ukianza na jino moja moja utapata zipu.

Mwili mzima ni rahisi zaidi. Wafu wa karne ya 14 na ya 15 mara nyingi hawakuchorwa kama mifupa mitupu. Ni watu waliokauka, ngozi imeshikamana na mbavu, tumbo limefunguka, sanda inaning'inia begani. Kitabu cha daktari Andreas Vesalius kilichoonyesha mifupa ya binadamu kwa usahihi mkubwa kilitoka mwaka 1543, na wachoraji waliotangulia walifanya kazi yao bila hicho. Kwa hiyo usijifunge na idadi ya mbavu. Kazi yako kubwa iko kwenye mikao: mfu ainamishe kichwa kidogo kumsikiliza aliye hai, au amshike kiwiko kama anayemsaidia kuvuka barabara. Upole huo ndio unaogusa, kuliko meno na kucha.

Mistari ikikaa sawa, ipitie kwa wino mwembamba, ngoja hadi kesho yake, kisha ufute penseli. Maneno kama yapo yaandike sasa, kabla ya dhahabu.

Dhahabu

Hapa ndipo roho ya kazi ilipo, nami nitaeleza polepole.

Dhahabu inatangulia rangi, daima. Mara ya kwanza mimi nilipaka rangi kwanza. Nilikuwa nimetumia siku mbili kwenye joho la bluu la kijana aliye hai, nikaweka dhahabu nyuma yake, nikainua karatasi, na joho zima lilikuwa limejaa vidonda vya dhahabu. Gundi iliyomo ndani ya rangi inaishika dhahabu, na hakuna namna ya kuitoa bila kuitoa rangi.

Changanya sehemu 2 za gundi nyeupe na sehemu 1 ya maji, kisha utie rangi nyekundu kidogo sana. Wekundu huo una kazi mbili. Unakuonyesha ulipopaka na ulipoacha, na unaipa dhahabu joto kutoka chini. Wachoraji wa kale walitumia chokaa ya jasi iliyolainishwa, gundi, sukari na udongo mwekundu, wakapata mto ulioinuka juu ya ukurasa. Sisi tutapata mwinuko mdogo kwa kurudia tabaka.

Paka tabaka la kwanza ukisukuma tone mbele kwa ncha ya brashi, usifute kama anayepaka ukuta. Ukiona povu, litoboe kwa sindano mara moja. Ngoja nusu saa, paka la pili. Ngoja tena, paka la tatu. Hili la tatu liache saa moja hivi, hadi ukigusa pembeni kidole hakinati. Osha mikono, maana alama ya kidole chenye mafuta nayo itashika dhahabu. Kisha kata dirisha kwenye karatasi ya kawaida, liwe kubwa kidogo kuliko eneo lako, na uifunike sehemu nyingine yote ya mchoro.

Kata kipande cha dhahabu pamoja na karatasi yake, kiwe tayari mkono wa kulia. Shika mrija kwa midomo, ncha yake iwe sentimita mbili hivi juu ya gundi. Sasa hema. Usipulize. Kupuliza ni ile "fuu" ya kupoza kitu cha moto, na hewa yake ni kavu. Unachotaka ni "haa" inayotoka kifuani, ile inayotia ukungu kwenye kioo. Hema mara tatu au nne, pole pole. Utaona gundi inafifia kidogo, kama imetokwa jasho. Papo hapo laza dhahabu, ibonyeze kwa kidole juu ya karatasi yake, hesabu hadi tano, inua.

Imeshika. Gundi iliyokuwa imekauka imerudi kunata kwa unyevu wa pumzi yako, na kwa kitambo kidogo tu. Kila ninapofanya hivi nikiwa na fuvu mbele yangu mkono unatulia wenyewe. Unachora mtu asiye na pumzi tena, na kinachomtia nuru ni pumzi yako. Wachoraji wa zamani walihema vivyo hivyo juu ya jasi yao.

Pakibaki matobo, hema tena mahali hapo na uongeze kipande. Tandika tabaka la pili juu ya lote, kwani dhahabu hushika dhahabu, na mng'ao unaongezeka sana. Fanya kazi hii asubuhi mapema au siku yenye unyevu. Hewa ikiwa kavu, gundi inakauka kabla hujafikisha mkono.

Iache hadi kesho yake. Weka karatasi nyororo juu, sugua kwa akiki ukianza kwa wepesi na kuongeza nguvu kidogo kidogo. Juu ya gundi nyeupe usisugue moja kwa moja bila karatasi, utaichana. Mwisho fagia mabaki kwa brashi laini, na usiyatupe. Zamani unga wa dhahabu ulisagwa na gundi ya mti wa mgunga na kuhifadhiwa ndani ya maganda ya kome, ukatumika kwa mistari myembamba.

Neno kuhusu fedha. Nayo inapatikana katika utando, ila inakuwa nyeusi. Katika vitabu vingi vya kale mito na panga zilizotiwa fedha leo zimebaki madoa ya kijivu. Mafundi wengi watakukataza kuitumia. Mimi nakuruhusu mahali pamoja: kioo kilicho mkononi mwa binti anayejitazama na Mauti amesimama nyuma yake. Itandike juu ya gundi ikiwa bado inanata, usiifunike na kitu. Itang'aa leo, na miaka itakavyopita kioo kitazimika taratibu mbele ya mwenye mchoro.

Rangi

Gwashi iwe nzito kama maziwa, na kila eneo lipate kwanza rangi moja bapa ya kati. Ikikauka, tia vivuli, kisha tia mianga, na mwisho mistari mieupe myembamba kama nywele. Utaratibu huu ndio unaofanya nguo za vitabu vile zionekane kama zimefumwa.

Mfupa usiwe mweupe. Changanya nyeupe na njano ya udongo, na kahawia kidogo. Kivuli chake usikitie nyeusi tupu, bali kahawia yenye bluu ndani yake, na weusi uache kwa matundu ya macho tu. Walio hai wape rangi kali kabisa, nyekundu na bluu zisizochanganywa. Tofauti hiyo itafanya kazi kubwa kuliko sura za nyuso.

Mwisho zungushia dhahabu mstari mwembamba mweusi. Kingo zilizokwaruzika zitajificha, na dhahabu itaonekana imekaa mahali pake.

Pambizo na maneno

Wachoraji wa karne ya 15 huko Ghent na Bruges walijaza pambizo kwa maua yaliyochumwa, nzi, vipepeo na konokono, kila kimoja na kivuli chake, kana kwamba vimetua juu ya ukurasa sasa hivi. Katika mchoro wa mauti pambizo ndiyo mahali pa uhai. Chora ua moja lililoangusha petali, na nzi mmoja kwenye kona. Pasizidi hapo.

Maneno yawe machache. Kuna ukurasa wa takriban mwaka 1430, katika kitabu cha sala kiitwacho Saa za Rohan kilichopo Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ambapo marehemu amelala uchi juu ya kitambaa cheusi, mifupa imetapakaa kumzunguka, na Mungu amemwinamia. Marehemu anasema kwa Kilatini, lugha ya sala. Mungu anamjibu kwa Kifaransa, lugha ambayo mwenye kitabu aliizungumza nyumbani. Basi nawe mpe mfu wako maneno ambayo watu wako wanayasema kweli. "Kila nafsi itaonja mauti." "U mavumbi wewe." Au jina la mtu tu, na miaka miwili. Kama mchoro ni wa mpendwa aliyetangulia, liandike jina lake kwa wino wa kawaida, na herufi ya kwanza pekee uitie dhahabu, kwa njia ile ile ya gundi na pumzi.

Kumalizia

Usipake vanishi, inaua mng'ao. Ukiweka kwenye fremu, tia ukingo wa karatasi nene kati ya mchoro na kioo ili visigusane. Nyuma andika tarehe kwa penseli.

Kabla ya kuifunga fremu, zima taa ya dari usiku, washa mshumaa au taa ndogo upande mmoja wa meza, na uinamishe mchoro taratibu huku na huku. Mchana dhahabu huficha kasoro zake, usiku huzionyesha zote. Ukiona tobo, chukua mrija, hema, na uongeze kipande.